Mchoro kama Fasiri ya Kale: Kutoka Haarlem hadi Hyrax Hill

Makala haya yanaeleza namna mchoro unavyowafikishia mambo ya kale watu wasioweza kuyaona kwa macho yao, na namna unavyoyafasiri kabla ya kuyafikisha. Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki maandishi. Mchoro nao ni matini.

Mnamo mwaka 1546 sanamu kubwa ya Hercules ilifukuliwa katika magofu ya hamamu za Caracalla mjini Roma. Waholanzi wengi hawakuwa na njia ya kwenda kuitazama. Hendrick Goltzius, mchoraji wa Haarlem, alisafiri hadi Roma mwaka 1590, akaichora, na baadaye akaichonga kwenye bamba la shaba. Bamba la aina hii hupakwa wino kisha likapanguswa. Wino husalia ndani ya mistari iliyochimbwa, nayo karatasi ikikandamizwa juu yake huupokea mchoro. Bamba moja hutoa nakala nyingi. Goltzius aliuchagua mgongo wa sanamu, upande ambako mkono umeficha matofaa ya kisasili, na chini akawaweka watazamaji wawili walioinua macho. Kwa maoni yangu hao wawili ndio ufunguo wa mchoro wote: wanatukumbusha kwamba tunatazama kupitia jicho la mtu mwingine.

Nakuru pia ina kisa chake. Mwaka 1937 na 1938 Mary Leakey alichimbua Hyrax Hill, kilima kilicho karibu na mji. Yeye naye aliingia katika akiolojia kupitia kalamu ya kuchora, kwani ndiye aliyechora vielelezo vya kitabu cha Louis Leakey kilichotoka mwaka 1934. Mashimo mapana ya kilimani, ambayo huitwa mashimo ya Wasirikwa, aliyafasiri kuwa makao ya watu. Fasiri hiyo haikuwa jambo dogo hata kidogo. Iliwafanya Wasirikwa, wanaokumbukwa katika masimulizi ya Wakalenjin, waonekane kuwa watu walioishi mashimoni. Baadaye John Sutton aliyachunguza upya, akabainisha kuwa yalikuwa mazizi ya mifugo, na kwamba vibanda vya wenyewe vilijengwa kando vikiungana na zizi. Shimo ni lile lile. Usomaji ndio uliobadilika.

Anayezuru kilima hicho ataona pia vishimo vya bao vilivyochongwa mwambani. Hivyo havihitaji mchoraji wala mfasiri. Mcheza bao yeyote hujua mara moja kete zinaanzia wapi.