Ndoa imevuka Oraba, cheti je?

Kijana wa Koboko anayevuka mpaka wa Oraba kuoa Yei, Sudan Kusini, hajioni kama mtu aliyeoa ng'ambo. Wakwe zake ni Wakakwa kama yeye, salamu zao ni zilezile, na pengine baba mkwe ana binamu anayeuza nguo katika soko la Koboko. Ndivyo ilivyo pia kwa Mlugbara wa Arua anayepeleka mahari Ariwara, upande wa Kongo: asubuhi anapita Vurra kwa bodaboda, jioni yuko nyumbani anasimulia alivyokaribishwa. Mpaka wenyewe ni mgeni kuliko ukoo. West Nile, upande wetu huu wenye Arua na Koboko, ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki mwaka 1909, ikapewa Sudan, na mwaka 1914 ikahamishiwa Uganda. Pale Salia Musala, wilayani Koboko, ndipo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana.

Kwa hiyo mbele ya wazee ndoa hizi hazina shida. Shida huanza siku bibi harusi anapohamia kwa mumewe na karani wa ofisi fulani akamwomba cheti.

Je, Uganda inaitambua ndoa iliyofungwa nje? Kwa jumla, ndiyo. Kanuni ambayo mahakama zetu zilirithi kutoka kwa Waingereza ni kwamba ndoa iliyofungwa kihalali kule ilikofungwa ni halali na hapa, mradi wahusika walikuwa huru kuoana. Maana yake ni kwamba swali la kwanza halielekezwi Kampala bali kule ulikooa: je, wao wenyewe wanaihesabu kuwa ndoa?

Hapo ndipo wengi waliooa Ariwara hukwama bila kujua. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka mahari na inaikubali ndoa ya kifamilia, lakini inadai iandikishwe kwa afisa wa serikali. Ndoa ya kidini peke yake, iwe kanisani au msikitini, haiwatoshi. Sheria hiyo pia haikubali mke wa pili wakati ndoa ya kwanza ingali hai. Basi bwana wa Arua aliyefungishwa nikaha Ariwara, akala pilau, akarudi na mke bila kupita kwa afisa huyo, atapata taabu kuishawishi ofisi ya Uganda iheshimu ndoa ambayo Kongo yenyewe haijaiandika.

Upande wa Yei ni tofauti. Huko ndoa nyingi ni za kimila na huishia kwa wazee. Zikizuka kesi, huamuliwa na mabaraza ya machifu. Karatasi ni nadra. Na hata waliokuwa nayo, vita vilivyofika Yei mwaka 2016 viliwakimbiza wengi wakiwa na watoto mgongoni na sufuria kichwani. Nani angekumbuka faili?

Ajabu ni kwamba dawa iko karibu, na aliyeileta ni mtu wa Koboko. Idi Amin, Mkakwa, ndiye aliyetoa amri ya mwaka 1973 ya kusajili ndoa za kimila, na mpaka leo ni sheria ya nchi. Inasema ndoa ya kimila ni ile inayofungwa kwa desturi za jamii ya Kiafrika ambayo mmoja wa wanandoa ni mtu wake. Ni mmoja tu anayetakiwa kuwa wa jamii hiyo, na uraia hautajwi. Wahusika wanatakiwa ndani ya miezi sita tangu sherehe kukamilika wafike ofisi ya gombolola na mashahidi wasiopungua wawili, ndoa iandikwe kitabuni, wapewe cheti.

Lakini iko tahadhari. Sheria hiyo inazungumzia ndoa zinazofungwa ndani ya Uganda. Sherehe iliyoishia Yei inaweza kumpa mkuu wa gombolola sababu ya kusita. Kwa maoni yangu, familia zifanye jambo ambalo mila zetu tayari zinaliruhusu: hatua ya mwisho, ile ya kumpokea bibi harusi kwa wakwe, ifanyike upande wa huku mbele ya koo zote mbili, na tarehe hiyo ndiyo ipelekwe gombolola.

Kisha kuna mahari. West Nile ng'ombe hawaji siku moja. Wawili leo, mbuzi baada ya mavuno, aliyebaki akisubiri dada wa bwana harusi aolewe. Katika kesi ya Eduku ya mwaka 1975, Mahakama Kuu ilisema kwamba maadamu sehemu ya mahari yaliyokubaliwa haijalipwa, ndoa ya kimila haijakamilika. Hukumu hiyo imepingwa na wengi, na majaji wa baadaye hawakuwa wagumu hivyo. Hata hivyo wakili wa shemeji mwenye tamaa ataikumbuka tu. Suluhisho ni wazee kuandika, hata kwenye daftari la shule, kwamba kilichotolewa kimewaridhisha na deni lililobaki si sharti la ndoa. Watie saini au alama ya kidole.

Kwa nini nasumbuka na daftari? Kwa sababu ya mambo yanayokuja nyuma yake. Kuolewa na Mganda hakumfanyi mtu Mganda. Katiba ya 1995, kifungu cha 12, inampa haki ya kuomba usajili wa uraia baada ya kuthibitisha ndoa halali iliyodumu miaka mitatu, au muda mwingine ambao Bunge litaweka. Haki hiyo ni ya mume mgeni pia. Katiba ya uhuru ya 1962 ilikuwa imewafikiria wake peke yao. Lakini miaka hiyo inahesabiwa juu ya ndoa inayothibitika. Watu walioishi pamoja miaka ishirini na watoto sita bila ndoa, sheria ya Uganda haiwahesabu mume na mke, hata kijiji kizima kikiwaita hivyo.

Mke wa Kongo afikiri kabla ya kuomba: nchi yake inasema uraia wake ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine, kwa hiyo akichukua wa Uganda anauacha wa kwao. Msudani Kusini hana mtihani huo.

Uraia unagusa shamba. Katiba inasema ardhi ya Uganda ni ya raia. Mgeni hupata kukodishiwa tu. Na mume akifa bila wosia, marekebisho ya sheria ya urithi ya 2022 yanampa mwenzi asilimia 20 ya mali, nje ya haki ya kubaki katika nyumba ya familia. Asilimia hizo ni za mwenzi anayejulikana. Matanga yakiisha, ndugu wa marehemu ambao juzi walimwita "mke wetu" huanza kumwita "yule mama wa Sudan", naye akiombwa ushahidi, mashahidi wake wako Yei.

Tunao mfano wa kutosha. Amin alipoanguka Aprili 1979, maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire. Wakaoa huko, wakazaa huko, wakarudi miaka ya themanini na familia zao. Watoto hawana tatizo kisheria: aliyezaliwa popote na mzazi ambaye ni raia wa Uganda kwa kuzaliwa ni raia kwa kuzaliwa. Mama zao hawakupata wepesi huo. Wengi sasa ni bibi, na walioshuhudia harusi zao wanazidi kupungua.

Ikiwa nyumbani kwako kuna ndoa ya namna hii, usingoje msiba. Waite wazee waliokula mahari, andikeni waliyoyaona, mfuatane hadi gombolola au kwa ofisi ya serikali inayosajili ndoa, Arua ikiwa ndiyo karibu. Miezi sita ikiwa imepita, ulizeni utaratibu wa waliochelewa. Mume aende mwenyewe, angali anaweza kutia saini yake.