Kazi, Ndoa na Sheria Inayotulinda Sote

Katika jumuiya zetu hapa Marekani, suala la haki za mashoga na wasagaji hufungwa mapema. Iwe ni chakula cha baada ya ibada, kikao cha kuchangia msiba au mabishano ya usiku kwenye kundi la WhatsApp, mmoja atasema dini imekataza, mwingine atasema si mila yetu, na mazungumzo yataishia hapo. Makala haya hayamwombi muumini yeyote aache anachoamini. Yanasema jambo jingine, ambalo naona linatugusa kuliko tunavyopenda kukiri: sheria inayomkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa kuwa ni shoga ndiyo hiyo hiyo inayomkataza kumfukuza Mkongomani kwa lafudhi yake, Mzanzibari kwa hijabu yake na Mkenya kwa rangi ya ngozi yake. Ni kifungu kimoja, kinasimamiwa na tume moja, kinafasiriwa na majaji wale wale. Wanaotaka kipunguzwe kwa ajili ya watu wasiowapenda wanatuomba tupunguze ulinzi wetu wenyewe.

Kifungu hicho kimo katika Sura ya Saba ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Kinakataza ubaguzi wa kazini kwa misingi ya asili ya mtu, rangi, dini, jinsia na taifa alikotoka. Wamarekani Weusi walikipigania kwa damu, na sisi tuliokuja baadaye tumekikuta kimeshalipiwa. Cha ajabu ni kwamba neno jinsia liliongezwa na Howard Smith, mbunge wa Virginia aliyekuwa mpinzani mkali wa haki za Weusi, na mpaka leo wanahistoria wanabishana kama alilenga kuiangusha sheria nzima. Vyovyote alivyokusudia, neno lilibaki. Juni 15, 2020, Mahakama ya Juu ililitumia kuamua kesi tatu kwa pamoja: ya Gerald Bostock, mtumishi wa ustawi wa watoto huko Clayton County, Georgia, aliyepoteza kazi baada ya kujiunga na ligi ya mchezo ya mashoga; ya Donald Zarda, mwalimu wa kuruka kwa parachuti huko New York; na ya Aimee Stephens, aliyefukuzwa na kampuni ya mazishi huko Michigan baada ya kumweleza mwajiri kwamba angeanza kuishi kama mwanamke. Zarda na Stephens walifariki kabla hukumu haijatoka.

Aliyeandika hukumu ile ni Jaji Neil Gorsuch, mhafidhina aliyeteuliwa na Rais Trump, na majaji waligawanyika sita kwa watatu. Mantiki yake ni nyepesi kufuata. Chukua wafanyakazi wawili, mmoja mwanamume na mwingine mwanamke, wenye bidii na sifa sawa, na wote wawili wanapenda wanaume. Mwajiri akimfukuza mwanamume tu kwa sababu hiyo, kilichowatofautisha ni jinsia, na jinsia imeandikwa katika sheria tangu 1964. Jaji hakuhitaji kuusifu ushoga, na hakuusifu. Alisoma maneno yaliyopo na kukataa kuyaongezea msamaha ambao Bunge halikuuandika. Usomaji wa namna hiyo unatufaa sana sisi, kwa kuwa mhamiaji hana ndugu bungeni wala jina kubwa mtaani. Kinachomtetea ni maneno ya sheria kusomwa yalivyo, hata pale wengi wasipompenda.

Ushahidi uko katika kesi zetu wenyewe. Mwaka 2008, msichana Mwislamu aitwaye Samantha Elauf aliomba kazi katika duka la nguo la Abercrombie & Fitch huko Tulsa, Oklahoma, akanyimwa kwa sababu ya kitambaa chake cha kichwani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilimpa haki, majaji wanane dhidi ya mmoja, kwa kutumia Sura ya Saba. Mwaka 2023, majaji wote tisa walikubaliana na Gerald Groff, Mkristo aliyekuwa mbeba barua na aliyekataa kufanya kazi Jumapili, wakamtaka mwajiri aonyeshe mzigo wa kweli kabla ya kukataa kumrekebishia ratiba mfanyakazi mwenye sababu za dini. Muuguzi msaidizi wa Kiadventista anayeomba asipangwe Jumamosi kwenye nyumba ya wazee, au dereva wa lori anayeomba muda wa swala ya Ijumaa, leo anasimama juu ya hukumu hiyo. Kisha Juni 2025, mahakama hiyo hiyo, tena kwa kauli moja, iliirudisha hai kesi ya Marlean Ames wa Ohio, mwanamke asiye msagaji aliyedai kwamba alinyimwa cheo na wakubwa wakawapendelea mashoga. Jaji Ketanji Brown Jackson aliandika kwamba aliye katika kundi la wengi hawezi kuwekewa kizingiti kirefu kuliko aliye katika kundi la wachache. Anayesema sheria hii imewekwa ili kuwapendelea mashoga ajibu kesi ya Ames kwanza.

Nini hutokea jamii inapokubali kuung'oa ulinzi kwa hofu ya kundi moja? Houston imetuonyesha, na Houston ni mji wenye Waafrika Mashariki wengi. Mei 2014, baraza la mji chini ya Meya Annise Parker lilipitisha sheria ndogo iliyokataza ubaguzi katika kazi, makazi na huduma za umma kwa misingi 15. Humo mlikuwa na rangi, dini, taifa la asili, ulemavu, umri, ujauzito na utumishi wa kijeshi, na humo pia mlikuwa na mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia. Kampeni ya kuipinga ilijikita katika jambo moja tu, hofu ya nani ataingia choo cha wanawake. Novemba 2015 wapiga kura waliifuta, takriban asilimia 61 wakiikataa. Haikufutwa nusu. Ilifutwa yote, pamoja na kinga ya mlemavu, ya mama mjamzito na ya mhamiaji. Aliyebaguliwa Houston kwa rangi yake hakubaki bila sheria kabisa, kwa kuwa zile za serikali kuu zipo, lakini njia ya karibu ya kushtaki hapo hapo mjini iliondoka, na iliondolewa na watu ambao wengi wao hawakuwa na ugomvi wowote naye. Nautaja mfano huu kila mjadala unapoanza kwa sababu unaonyesha gharama ambayo viongozi wetu wa jumuiya hawaizungumzii.

Ndoa ni suala gumu zaidi, na nakubali kwamba inagusa mahali ambapo kazi haigusi. Kwetu ndoa ni dini, ni koo mbili, ni mahari, ni watoto. Hata hivyo tunaoishi hapa tunajua kwamba kuna ndoa ya pili inayofungwa kwenye karatasi za serikali: bima ya afya, kodi, mirathi, haki ya kuingia wodini, ombi la kumleta mwenzi kutoka Arusha au Bujumbura. Ndoa hiyo ya karatasi ndiyo iliyoamuliwa mahakamani. Edith Windsor wa New York alifiwa na mwenzi wake Thea Spyer, akatozwa na serikali kuu kodi ya mirathi ya dola 363,053 ambayo mjane wa mume asingetozwa, na mwaka 2013 akashinda. Jim Obergefell wa Ohio alimuuguza John Arthur aliyekuwa akifa kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Walifunga ndoa ndani ya ndege uwanjani huko Maryland, kwa kuwa jimbo lao halikuruhusu, kisha Ohio ikakataa kumtambua Obergefell kwenye cheti cha kifo. Juni 26, 2015, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba majimbo yote lazima yafungishe na kutambua ndoa hizo. Mtu anaweza kuamini kwamba ndoa ile haina baraka za Mungu na bado akaona kuwa mfiwa hastahili kufutwa kwenye cheti cha kifo.

Hapo ndipo pingamizi kubwa linapokuja: imani. Nalichukua kwa uzito wote, kwa kuwa wengi wanaolitoa wanalitoa kwa moyo safi. Lakini historia ya nchi hii inatutaka tuwe waangalifu na hoja ya imani inapotumiwa kumnyima mtu haki za serikali. Jaji wa Virginia, Leon Bazile, aliyewahukumu Richard na Mildred Loving mwaka 1959 kwa kosa la mzungu kumwoa mwanamke asiye mzungu, aliandika mwaka 1965, alipokataa kuifuta hukumu hiyo, kwamba Mungu aliyaweka mataifa katika mabara tofauti kwa kuwa hakutaka yachanganyike. Mahakama ya Juu ilimpinga mwaka 1967. Mwenye mikahawa ya nyama ya kuchoma ya Piggie Park huko South Carolina naye alidai kwamba imani yake ilipingana na sheria iliyomtaka awahudumie Weusi sawa na wazungu, na mwaka 1968 mahakama hiyo iliiona hoja yake kuwa haina maana. Sisemi kwamba kila anayepinga ndoa za jinsia moja ni ndugu wa Bazile. Ninasema kwamba mlango ambao Bazile alitaka kuupitia ulifungwa kwa ajili ya watu wenye rangi yetu, na tusiwe sisi wa kuufungua tena.

Na imani yenyewe haikuachwa uchi. Mwaka 2012, katika kesi ya Hosanna-Tabor, majaji wote tisa walisema serikali haiwezi kuliamulia kanisa nani awe mhudumu wake. Hakuna padri, mchungaji wala imamu aliyelazimishwa na sheria kufungisha ndoa asiyoikubali, na Sheria ya Kuheshimu Ndoa, iliyosainiwa Desemba 2022 baada ya kupita katika Seneti kwa kura 61 dhidi ya 36, inasema wazi kwamba taasisi za dini hazitalazimishwa kutoa huduma za kufungisha au kusherehekea ndoa. Ikumbukwe pia kwamba sheria hiyo inazilinda kwa pamoja ndoa za jinsia moja na ndoa za watu wa rangi tofauti. Kim Davis, karani wa Rowan County, Kentucky, aliyefungwa siku chache mwaka 2015 kwa kukataa kutoa vibali vya ndoa hizo, alikuwa mtumishi wa umma anayelipwa na kodi za wote, pamoja na hao aliowafungia dirisha. Tofauti kati ya mimbari na dirisha la karani ndiyo msingi wa jambo lote. Mahakama zimelinda hata zaidi ya hapo. Mwaka 2023 zilimruhusu msanifu wa tovuti huko Colorado kukataa kutengeneza kazi ya ndoa asizozikubali, hukumu ambayo mimi naona imeenda mbali mno.

Wazazi nao wana hofu yao, kwamba watoto watafundishwa kinyume cha malezi ya nyumbani. Juni 2025, katika kesi iliyoletwa na wazazi Waislamu na Wakristo wa Montgomery County, Maryland, majaji sita dhidi ya watatu walisema wazazi wana haki ya kuwaondoa watoto wao kwenye masomo ya vitabu vya hadithi vyenye wahusika mashoga. Kwa hiyo mzazi ana njia ya kisheria, na njia hiyo haihitaji mtu yeyote afukuzwe kazi.

Limebaki neno la mila. Vifungu vya zamani vya jinai vinavyotumika Kenya, Uganda na Tanzania dhidi ya mahusiano ya jinsia moja viliandikwa na watawala wa Kiingereza na mzizi wake unarudi kwenye Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, kwa hiyo si urithi wa babu zetu. Na hata nyumbani, ambako maoni ni makali, wapo majaji walioitambua tofauti ninayoieleza. Mei 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvifuta vifungu hivyo. Februari 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo hiyo, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba ilikuwa kosa kukataa kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, kwa sababu uhuru wa kujumuika ni wa kila mtu. Hukumu haikuhalalisha ushoga. Ilikataa tu kumtoa mtu nje ya katiba. Uganda ilichukua njia nyingine Mei 2023, kwa sheria yenye kifungo cha maisha na, kwa baadhi ya makosa, kifo. Wako watu walioikimbia hali hiyo wakaomba hifadhi hapa. Wanasema Kiswahili au Kiganda, wanapanga foleni ile ile ya uhamiaji, na wanapofiwa wanahitaji mchango wa msiba kama wengine. Jumuiya inayowafukuza kwenye kikao inawafukuza watu wake.

Ulinzi wenyewe una mipaka ambayo kila mfanyakazi anapaswa kuijua. Sura ya Saba inawabana waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi. Katika maduka na hoteli, sheria ya 1964 haitaji jinsia kabisa, kwa hiyo hapo shoga hutegemea sheria ya jimbo. Minnesota imekuwa nayo tangu 1993, ilhali Texas haina inayohusu jimbo zima. Malalamiko ya kazini hupelekwa kwenye tume ya serikali kuu ya usawa kazini, EEOC, ndani ya siku 180, au 300 pale jimbo lilipo na chombo chake chenye sheria ya namna hiyo, na muda huo huhesabiwa tangu siku tendo la ubaguzi lilipofanyika. Jumuiya zinazoandaa semina za haki za wafanyakazi ziseme hayo yote mbele ya watu wote, bila kuruka neno hata moja katika orodha ya wanaolindwa, kwa sababu aliyekaa kiti cha nyuma akisubiri kusikia neno linalomhusu huenda ni mtoto wa mmoja wa waandaaji.