Tunavyowapanga Viumbe (3): Kipunji Alivyohamishwa Jenasi

Katika sehemu mbili zilizopita tulizipitia ngazi za kupanga viumbe tangu enzi za Carl Linnaeus wa Uswidi: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Leo tubaki kwenye ngazi mbili za chini. Huko ndiko wataalamu wanakobishana zaidi, na huko ndiko kima mmoja wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania alikowalazimisha kufuta jina na kuandika jingine.

Wanyakyusa wanaopakana na msitu wa Mlima Rungwe walikuwa wakimwita kipunji kabla mwanasayansi yeyote hajamwona. Wawindaji walimtaja mwaka 2003 mbele ya watafiti waliokuwa na Tim Davenport, na mwishoni mwa mwaka huo watafiti hao wakamshuhudia wenyewe. Mwaka 2004 Trevor Jones na wenzake, bila kuzijua habari za Rungwe, wakamkuta mnyama yuleyule katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, umbali wa kilomita zipatazo 350. Ana manyoya ya kahawia, tumbo jeupe kiasi, uso mweusi, na shungi refu lililosimama utosini.

Makundi hayo mawili yakashirikiana, na mwaka 2005 yakamtangaza kwa jina la Lophocebus kipunji. Neno la kwanza ni jenasi, la pili ni spishi. Hapa pana jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka mno: kumwingiza mnyama katika jenasi ni kutoa dai kuhusu ukoo wake. Watafiti walikuwa wakisema kwamba ndugu wa karibu wa kipunji ni mangabei wa jenasi ya Lophocebus, kima warukao mitini katika misitu ya Afrika ya Kati. Hoja zao zilikuwa nzuri. Kipunji naye huishi juu ya miti, na kope zake ni nyeusi kama uso, tofauti na kope nyeupe za mangabei wa jenasi ya Cercocebus. Lakini mikononi walikuwa na picha na sauti tu. Mfupa hawakuwa nao, wala ngozi. Na sauti yenyewe ilitia shaka, kwani mlio wake mzito, kama honi iliyochanganyika na kubweka, haukufanana na ule wa Lophocebus.

Agosti 2005 dume mmoja ambaye hajakomaa alikutwa amekufa mtegoni katika shamba la mahindi huko Rungwe. Sasa fuvu likapatikana, na DNA pia. Fuvu halikuwa na vile vishimo vya kina chini ya macho vinavyowatambulisha Lophocebus. DNA nayo ilimweka karibu zaidi na nyani wa jenasi ya Papio. Mwaka 2006 akaundiwa jenasi yake, Rungwecebus, ya kwanza kuundwa kwa kima mpya wa Afrika aliye hai tangu 1923.

Msomaji makini atauliza: kama udugu wake uko kwa nyani, mbona hakuingizwa tu Papio? Kwa sababu hana pua ndefu ya nyani, na maisha yake ni ya mitini. Udugu hupimwa kwa ushahidi. Mpaka wa jenasi uchorwe wapi, hilo ni jambo la makubaliano ya wataalamu. Mjerumani Willi Hennig, bingwa wa wadudu, alifundisha tangu 1950 kwamba kufanana peke yake hakutoshi: kundi la kweli ni la wote waliotokana na babu mmoja, na alama yake ni sifa mpya walizorithi kwake. Mangabei wanathibitisha hilo. Zamani wote waliwekwa jenasi moja kwa kuwa wanafanana, kumbe Lophocebus ni ndugu wa nyani, na Cercocebus ni ndugu wa mandrili. Kwangu mimi, kubadilishwa kwa majina ndiko kunakoipa elimu hii heshima yake, maana dai lisiloweza kuangushwa na fuvu moja lisingekuwa na thamani.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu. Jenasi yake ina spishi hiyo moja; akitoweka, hakuna ndugu wa kubeba jina.

Na bado hajamaliza kutusumbua. DNA ya mitokondria, ambayo mtoto huirithi kwa mama, ilipochunguzwa kwa kipunji wa Rungwe, ilikutwa inafanana na ya nyani wa manjano. Ya Ndundulu haikuwa hivyo. Maelezo yenye nguvu ni kwamba zamani sana nyani jike alizaa na kipunji dume, na uzao ukabaki upande wa kipunji. Sehemu ijayo tutaanzia hapo: spishi ni nini hasa, ikiwa damu yaweza kuvuka mpaka wake?