Paka Aliyezaa na Wanyama Wenzake Uani

Hapa Kindu, kuanzia Kasuku na Mikelenge hadi Alunguli ng'ambo ya Lualaba, paka hafugwi kwa urembo. Mpunga, uliostawi Maniema tangu enzi za Waarabu na Waungwana wa Nyangwe na Kasongo, huvuta panya, na panya ndiye aliyemkaribisha paka ndani. Basi paka huzalia nyuma ya magunia, katika ua uleule wenye mbwa, kuku na bata. Akimrukia mbwa aliyezoea kulala naye barazani, wenye nyumba husema amepata wazimu au ana roho mbaya. Mimi nasema si wazimu wala chuki; ni ulinzi, na ulinzi huo una kipimo na muda wake.

Mtazame anavyoutenda. Mbwa akipita mbali, humkazia macho tu, masikio yamelala nyuma. Akisogea, paka hufoka, mgongo juu, mkia umevimba. Kucha hutoka pale tu mbwa asiposikia onyo. Mwenye wazimu hapimi umbali hivyo. Tena ukali hufuata umri wa watoto. Kitoto cha paka huzaliwa hakioni wala hakisikii, macho hufunguka baada ya wiki moja au mbili, na hata katika wiki ya 3 bado hupepesuka kikitembea. Hizo ndizo siku ambazo mama hashikiki. Watoto wakianza kula wenyewe, kwenye wiki ya 4 hivi, naye huanza kulegea. Chuki, nijuavyo, haihesabu wiki.

Atauliza mtu: mbona mbwa huyo anamjua? Kujuana hakutoshi. Dume la paka ni la aina moja naye, lakini huweza kuwaua watoto wasio wake, na mama humfukuza vilevile. Kwa upande mwingine, majike wa ukoo mmoja huonekana wakinyonyesheana watoto. Paka basi hatazami ujirani. Hutazama nani aweza kudhuru. Ndiyo maana dawa ni kumfunga mbwa upande mwingine wa ua kwa wiki hizo chache, si kumhamisha mzazi, ambaye akisumbuliwa huwabeba watoto kwa meno, mmoja mmoja, hadi mahali pabaya zaidi.

Pingamizi zito ni kichaa cha mbwa, maana paka naye huambukizwa. Mama mlinzi hutulia hatari ikiondoka, akala, akarudi kunyonyesha. Mgonjwa huweza kushambulia bila kuchokozwa, kutokwa mate na kushindwa kumeza. Lakini tofauti hiyo isimfanye mtu ajitibu kwa kukisia. Aliyeumwa au kuparuzwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama paka ni wake mwenyewe.