Barabara ya Bondeni na Njia ya Maji

Barabara inapopanuliwa, mzozo huanza na alama ya X ukutani. Nchini Tanzania, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 huhesabiwa mvamizi. Aliyekuwapo kabla ya sheria hiyo kwenye zile 7.5 za nyongeza anastahili fidia. Kilio cha fidia ni cha haki. Lakini ukitoka Kibiti kwenda Ikwiriri na Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji, swali zito zaidi liko chini ya lami: maji yatapita wapi?

Bonde la Rufiji huishi kwa mafuriko. Maji yakishuka, wakulima hupanda mazao ya mlau kwenye tope lililobaki. Tope jingine huteremka kulisha mikoko ya delta, msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote Afrika Mashariki. Katika bonde kama hili barabara ni tuta, na kuipanua ni kulinenepesha. Kalavati la zamani hurefushwa tu lifike ng'ambo. Kipenyo kikibaki kilekile, hasa kwenye ardhi tambarare, maji hupungua kasi na mchanga hutuama ndani. Upande wa juu unafurika, upande wa chini mashamba yanakosa tope. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii ya kusini huko Somanga, na Lindi na Mtwara zikatengana na Dar es Salaam.

Hayo ndiyo ya kupimwa na Tathmini ya Athari kwa Mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Wengi husubiri ripoti ikamilike ndipo walalamike. Wamechelewa. Hadidu za rejea ndizo huamua kipi kitapimwa, kwa hiyo wazee wanaojua mikondo ya mafuriko makubwa wasikilizwe hapo, na mhandisi aandike.

Wanadelta wanajua uzito wa tathmini kama hii. Mwaka 1997 Baraza la Taifa la Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilishauri ukataliwe mradi wa African Fishing Company wa kufuga kambamiti kwenye takribani hekta 10,000, serikali ikauidhinisha. Wanakijiji wakaenda Mahakama Kuu, na mradi haukutekelezwa. Wakati ule sheria ya 2004 haikuwapo. Leo cheti cha mazingira hutolewa kwa masharti, basi ukubwa wa kila kalavati uandikwe humo, pamoja na nani atakayelizibua kila mwaka kabla ya masika.