Fahamu: Kampuni inayokuuzia intaneti inaona nini?

Tovuti ikikufuatilia, unaweza kuihama. Kampuni inayokuuzia intaneti haihamiki kirahisi, kwani kila unachofungua hupitia mitambo yake. Ndiyo maana kisa cha BT, kampuni ya intaneti ya Uingereza, bado kinafaa kujulikana.

Mwaka 2006 na 2007, BT iliijaribu teknolojia ya kampuni ya Phorm kwa maelfu ya wateja wake bila kuwaarifu wala kuwaomba ridhaa. Mitambo ilichunguza kurasa walizofungua ili kutambua wanachopenda na kuwachagulia matangazo. Phorm ilijitetea kwamba haikuhifadhi majina, bali namba tu. Hoja hiyo hainiridhishi hata kidogo: tarishi akifungua barua zako zote, kutoandika jina lako hakumwondolei kosa.

Siri ilipofichuka mwaka 2008, wateja walikuja juu. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya ilianza kuichukulia Uingereza hatua za kisheria kwa kutolinda faragha ya wateja hao, na BT ikauweka kando mpango huo. Mwaka 2011 waendesha mashtaka waliamua kutomshtaki yeyote, jambo lililowauma wengi, ingawa sheria ya ridhaa ilirekebishwa.

Leo tovuti nyingi hutumia https, yaani muunganisho uliosimbwa, hivyo mtoa huduma hasomi yaliyomo. Lakini kwa kawaida bado huona jina la tovuti, saa uliyoifungua na kiasi cha data. Jina la tovuti ya ushauri wa VVU au ya mikopo linatosha kumweleza mengi. VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye mitambo yake kwa njia iliyosimbwa, huficha jina hilo, ila uwezo huohuo wa kuona humhamia mwenye VPN. Soma kwanza sera yake ya faragha.