Melofoni ya Bonnie Ott

Nilikulia Lamu, nikikimbia nyuma ya beni, bendi ya ngoma na tarumbeta, kila penye harusi. Ndiyo maana rafiki yangu aliponiwekea rekodi za zamani za Blue Devils, kikosi cha muziki cha Concord, California, nilinasa papo hapo.

Kikosi hicho kilianzishwa mwaka 1957. Wachezaji ni vijana: wapiga ngoma, wapuliza tarumbeta na ndugu zake wa shaba, na wapeperusha bendera. Hupiga huku wakitembea, wakichora maumbo uwanjani kwa miili yao, na waamuzi huwapa alama.

Mwaka 1976 walitwaa ubingwa wao wa kwanza wa Drum Corps International, mashindano ya vikosi vya aina hii. Lakini ninachokitunza moyoni si kombe, ni Bonnie Ott, mpuliza melofoni wao wa miaka hiyo. Melofoni ni ala ya shaba yenye sauti nene kuliko tarumbeta, nayo huelekezwa mbele, kwa watazamaji. Bonnie aliifanya iimbe jazi: anaanza kwa upole, anapanda, kisha anaishikilia noti moja ya juu mpaka jukwaa zima linalipuka kwa vifijo.

Kila nikimsikia, nasimama. Kikosi ni mwili. Mpulizaji wa peke yake ni pumzi ya mwili huo.